Joto Lisilofika Chumba cha Juu ya Gereji: Tathmini ya Huduma ya Kusawazisha Hewa ya Tanuri

Nyumba yetu iko Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na ilijengwa mwaka 1978. Ina orofa mbili juu ya chumba cha chini ya ardhi, na kama zilivyo nyumba nyingi za hapa, inapata joto lake kutoka kwa tanuri la gesi lililowekwa huko chini, ambalo feni yake husukuma hewa ya moto kupitia mabomba ya bati hadi kwenye matundu ya sakafuni katika kila chumba. Kwa misimu mitatu ya baridi tuliishi kana kwamba tuna nyumba mbili chini ya paa moja. Sebuleni themostati ilionyesha nyuzi 70 za Fahrenheit, yaani takriban 21 za Selsiasi, ilhali chumba cha kulala kilicho juu ya gereji kilishuka hadi nyuzi 58, sawa na 14 za Selsiasi, na hicho ndicho chumba alicholala mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Mombasa. Mwezi wa Novemba uliopita tulilipia huduma ya kupima na kusawazisha hewa. Sasa tumeipitisha baridi nzima tangu kazi hiyo ifanyike, nami naona nina haki ya kuieleza, mazuri yake na mapungufu yake, kwa ajili ya Waswahili wenzangu walionunua au kupanga nyumba katika nchi za baridi bila ya kuwa na mtu wa kuwafundisha mambo ya tanuri.

Kabla ya huduma hiyo alikuja fundi mwingine, ambaye sitamtaja yeye wala kampuni yake. Aliingia, akasikiliza malalamiko yetu, akapanda juu akaweka kiganja chake kwenye tundu la chumba baridi, akashuka, akatuambia kwamba tanuri letu ni dogo kuliko nyumba na kwamba tunahitaji kubwa zaidi kwa dola 7,800. Hakutoa kipimo chochote mfukoni. Mume wangu alikuwa tayari kusaini, kwa sababu maneno yale yalikuwa na mantiki ya haraka: chumba ni baridi, basi ongeza moto. Kilichonizuia mimi ni swali dogo ambalo fundi hakulijibu. Ikiwa moto hautoshi, kwa nini chumba cha kusomea cha mwanangu, kilicho karibu kabisa na tanuri, kilikuwa na joto la kumfanya akae dirisha likiwa wazi mwezi wa Januari?

Huduma ninayoitathmini hapa ilianzia kwenye swali hilo hilo. Walikuja watu wawili, fundi mkuu na msaidizi wake, na kwa saa tatu za mwanzo hawakurekebisha kitu, walipima tu. Walipima kila chumba urefu na upana, wakahesabu madirisha na upande yanakotazama, wakachungulia darini kuona unene wa pamba ya kuzuia joto, kisha wakaingiza yote katika hesabu ambayo mafundi wa Marekani huiita Manual J. Hesabu hiyo huonyesha kila chumba kinapoteza joto kiasi gani katika usiku wa baridi kali. Matokeo yake yalinishangaza: tanuri letu, la BTU 80,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha kiasi cha joto), lilikuwa kubwa kuliko mahitaji ya nyumba, na si dogo. Tanuri kubwa kupita kiasi huwaka kwa nguvu, huipasha sebule iliyo na themostati kwa dakika chache, kisha huzimika kabla hewa ya moto haijapata muda wa kufika kwenye vyumba vya mwisho wa mabomba. Kwa maneno mengine, lile tanuri la dola 7,800 lingezidisha tatizo tulilokuwa nalo.

Baada ya hapo walitoboa vishimo viwili vidogo kwenye bati, kimoja kabla ya feni na kimoja baada yake, wakaingiza mirija ya manomita. Manomita ni chombo cha kupimia shinikizo la hewa, na kazi yake hapa ni sawa na ile ya daktari kupima presha. Feni ya tanuri letu imeandikwa kwenye kibandiko chake kwamba inatakiwa isukume dhidi ya shinikizo lisilozidi inchi 0.5 za safu ya maji. Yetu ilikuwa 0.9. Mashine ilikuwa ikihema. Chanzo cha kwanza kilipatikana papo hapo, nacho kilitokana na nia yetu njema: tulikuwa tunanunua chujio la daraja la MERV 13, lile zito linalokamata vumbi dogo sana, kwa sababu mtoto wetu ana pumu, na tukaliweka kwenye nafasi iliyotengenezwa kwa chujio la unene wa inchi moja. Chujio zito si kosa lenyewe. Kosa ni kulipatia eneo dogo la kupitishia hewa. Walitushauri tuweke sanduku la kubebea chujio la unene wa inchi nne, ambalo mikunjo yake mirefu hulipatia eneo kubwa zaidi la kupumulia, na hivyo mtoto hakupoteza kinga yake.

Kipimo kingine kilichonifundisha mengi ni kile cha ongezeko la joto. Kibandiko cha tanuri kinasema hewa inatakiwa itoke ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 65 za Fahrenheit zaidi ya ilivyoingia. Yetu ilitoka ikiwa imeongezeka nyuzi 70. Mtu asiyejua angefurahi kwamba tanuri linatoa hewa ya moto sana, lakini maana yake halisi ni kwamba hewa inayopita ni kidogo mno kwa moto uliopo, hivyo chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba hupata moto kuliko kinavyoweza kustahimili kwa miaka mingi, na swichi ya usalama huzima moto kila mara. Fundi alinionyesha hesabu kwenye karatasi: BTU 76,000 kwa saa zinazoingia hewani baada ya nyingine kutoka na moshi, ukigawanya kwa 1.08 (namba ya kudumu katika hesabu za hewa) mara 70, unapata takriban futi za ujazo 1,000 kwa dakika. Ili ongezeko lishuke hadi nyuzi 55, ilitakiwa hewa ya karibu futi 1,280. Zile futi 280 zilizokosekana ndizo zilizokuwa joto la mama mkwe wangu.

Lakini hata hewa ile iliyokuwepo haikuwa ikiingia chumbani kwake, na hapa ndipo huduma hii ilipojipatia heshima yangu yote. Fundi aliufunga mlango wa chumba, akapitisha mrija mwembamba chini yake, akapima tofauti ya shinikizo kati ya chumba na ukumbi. Ilikuwa paskali 9 (paskali ni kipimo kingine cha shinikizo), wakati kiwango wanacholenga hakizidi 3. Chumba kilikuwa na tundu la kuingizia hewa lakini hakikuwa na tundu la kuirudishia. Tundu pekee la kurudisha hewa kwa orofa nzima lilikuwa ukumbini. Mlango ukiwa wazi, hewa ilipata pa kupita. Ukifungwa, chumba kilijaa kama mpira, na hewa mpya ikakataa kuingia. Msaidizi wake, kijana aliyetoka Bukavu na kukulia hapa Minnesota, alimweleza mama mkwe wangu jambo hilo kwa Kiswahili cha kwao, kwa adabu kabisa: “Mama, hewa haina fasi ya kutokea.” Mama alielewa mara moja. Alijibu, “Kweli, mwanangu,” kisha akatukumbusha nyumba ya baba yake kule Mji wa Kale, ambako chumba chenye dirisha moja tu la upande wa bahari kilikuwa na joto la kuchosha hata kusi ikivuma, mpaka baba yake alipotoboa dirisha la pili upande wa uani. Kusi haikuongezeka nguvu. Ilipata njia ya kutokea. Mimi niliyesoma vitabu nilikuwa nimeutazama mlango ule kwa misimu mitatu bila kuufikiria hivyo.

Tatizo jingine lilikuwa chini ya ardhi, na ni la nyumba nyingi za umri wa yetu. Badala ya kuweka bomba kamili la kurudishia hewa, wajenzi walipigilia bati chini ya maboriti ya sakafu na kuuacha uwazi kati ya boriti na boriti uwe ndiyo njia ya hewa. Njia za aina hii huvuja kila kona. Kwa kuwa feni huvuta kupitia njia hizo, yetu ilikuwa ikivuta hewa baridi na vumbi la chumba cha chini badala ya kuvuta hewa ya vyumba vya juu. Idara ya serikali inayosimamia nembo ya uokoaji nishati ya Energy Star inasema kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mabomba hupotea kwa mivujo na viungo vilivyoachia, nami baada ya kuona moshi wa kupimia ukimezwa na nyufa za bati langu naiamini takwimu hiyo.

Naomba nikae kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa si la ubaridi tu. Hita yetu ya maji ya kuoga nayo hutumia gesi, na moshi wake hupanda kwa bomba bila ya kusukumwa na feni. Tanuri linapovuta hewa kwa nguvu kutoka katika chumba hicho hicho, linaweza kuurudisha moshi huo ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Fundi alipima mvuto wa bomba hilo huku tanuri likifanya kazi, na akakuta ni dhaifu kuliko inavyotakiwa. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na king’ora cha gesi hiyo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala; chetu kilikuwepo, lakini kilikuwa kimepita muda wake wa kazi, na yeye ndiye aliyetugundulia. Na kwa kuwa nimelitaja, niseme wazi kwa wageni wa nchi hizi: kuwasha jiko la gesi na kuacha oveni wazi ili kuota moto, au kuingiza jiko la makaa ndani, ni kuuleta msiba huo kwa mkono wako mwenyewe. Chumba kikiwa baridi, vaeni, kusanyikeni chumba kimoja, na mwiteni fundi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Walitengeneza bomba halisi la bati la kurudishia hewa mahali pa uwazi ule wa maboriti. Viungo vyote walivyoweza kuvifikia walivipaka gundi nzito ya kijivu kwa brashi, na palipofaa wakaweka utepe wa alumini. Hawakutumia utepe wa kitambaa unaouzwa kila duka kwa jina la utepe wa mabomba, na walikuwa na sababu: watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory kule California waliujaribu mwishoni mwa miaka ya 1990 na kukuta kwamba gundi yake huachia haraka kwenye mabomba ya moto. Juu ya mlango wa chumba cha mama waliweka tundu la kupitishia hewa kwenda ukumbini, lenye kipande cha bomba kilichopinda ndani ya ukuta ili sauti zisipite pamoja na hewa, jambo ambalo wazee wenye kuthamini faragha yao watalishukuru. Bomba la chumba hicho lililokuwa na kipenyo cha inchi 5 lilibadilishwa kuwa la inchi 7, na kwenye kila tawi wakaweka kilango cha bati chenye mkono mdogo kwa nje.

Kisha wakasawazisha. Hili neno hutumiwa ovyo na wauzaji, kwa hiyo nieleze nilichokiona. Msaidizi alibeba kitu kinachofanana na mwavuli wa kitambaa uliogeuzwa, ambacho hufunika tundu zima na kusoma ni futi ngapi za ujazo zinazotoka kwa dakika. Akapima matundu yote 13. Chumba cha juu ya gereji, ambacho hesabu ilikipa futi 95, kilikuwa kikipata 38 tu mwanzoni. Chumba cha kusomea cha mwanangu, kilichohitaji 50, kilikuwa kikimwagiwa 112. Wakabana kidogo kilango cha chumba cha kusomea, wakapima tena vyote, kwa sababu hewa unayoinyima tawi moja hugawanywa kwa mengine yote. Mizunguko minne ilipita kabla hawajaridhika. Mwisho chumba baridi kilipata futi 88, cha kusomea 55, na shinikizo kwenye feni likashuka hadi 0.52. Tofauti ya shinikizo mlango ukiwa umefungwa ikawa paskali 2.

Baridi yenyewe ndiyo iliyotoa hukumu. Usiku mmoja wa Januari kipimo cha nje kilishuka hadi nyuzi 17 chini ya sifuri za Fahrenheit, takriban 27 chini ya sifuri za Selsiasi. Si ile ya tarehe 30 Januari 2019, wakati uwanja wa ndege wa Minneapolis ulipofika 28 chini ya sifuri za Fahrenheit, lakini inatosha kupasua bomba la maji. Alfajiri niliingia chumba cha mama: nyuzi 66, sebuleni 70. Mama mkwe wangu, ambaye msimu uliotangulia alilala na kanga mbili, sweta na blanketi tatu, alikuwa ameliweka moja pembeni. Tofauti ya nyuzi 12 imekuwa 4. Tanuri nalo huwaka kwa vipindi virefu zaidi na kwa utulivu, na ule mlio wa bati kugongana kila feni inapoanza umetoweka.

Mapungufu yapo. Zile nyuzi 4 zilizobaki zinatokana na sakafu ya chumba hicho, ambayo chini yake ni gereji isiyo na joto na ambayo haina pamba ya kutosha; fundi aliliona hilo siku ya kwanza lakini hakuliandika kwenye makadirio, akalitaja siku ya kulipa. Bora tungelijua mapema, tukalifanya kwanza. Ripoti waliyotuachia ina kurasa 11 za namba na vifupisho visivyoelezwa, na kama si maelezo ya mdomo ya yule kijana wa Bukavu, isingetusaidia. Pia hawakufunika samani vizuri walipokata bati, na vumbi lake lilitufuata kwa wiki nzima. Kwa nyumba yenye mtoto wa pumu, hilo ni kosa ambalo lisingestahili kutokea.

Kwa wanaojiuliza kama huduma hii inawafaa, tazameni kwanza joto lenu linasafiri kwa njia gani. Nyumba nyingi za zamani za Minneapolis na Saint Paul zina vyuma vya maji ya moto ukutani, na hizo zina matatizo na mafundi wake tofauti. Aliyepanga fleti hana mamlaka juu ya mabomba, lakini anaweza kuondoa zulia au kochi lililoziba tundu la kurudishia hewa, nami nimeyaona makochi hayo katika nyumba nyingi za jamaa zetu. Na tafadhalini, acheni kuyafunga matundu ya vyumba visivyotumika kwa kudhani mnaokoa gesi. Tanuri la kawaida huchoma kiasi kile kile. Mnachofanya ni kuongeza shinikizo, kuisukuma hewa itoke kwenye mivujo, na kuichosha feni. Wazo la kuipa kila sehemu ya nyumba joto lake halina kosa. Alice H. Parker, mwanamke Mweusi wa Morristown, New Jersey, alipata hataza ya tanuri la gesi tarehe 23 Desemba 1919, ambamo vichomeo kadhaa vinavyojitegemea vilipeleka hewa ya moto kwa mabomba tofauti. Lakini yeye aligawa moto wenyewe. Anayefunga tundu hajaupunguza moto hata kidogo.

Tulilipa dola 385 kwa vipimo na 1,650 kwa kazi, jumla dola 2,035, karibu robo ya bei ya lile tanuri tuliloambiwa tununue. Bili ya gesi imepungua, ingawa sitaitumia kama ushahidi, kwa kuwa hakuna baridi mbili zinazofanana. Natoa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imebaki kwenye vumbi na kwenye sakafu ya gereji. Ukiwaita mafundi wa aina hii, uliza kabla ya miadi maswali mawili: je, mtapima shinikizo la feni, na je, mtapima hewa ya kila tundu kabla na baada ya kazi? Anayesita kwenye lolote kati ya hayo mshukuru na umpigie mwingine. Wetu wamechora kwa kalamu kwenye kila kilango alama mbili, moja ya baridi na moja ya kiangazi, kwa sababu mabomba hayo hayo hubeba hewa baridi ya kiyoyozi kuanzia Juni, na wakati huo chumba cha juu ndicho kitakachohitaji hewa nyingi kuliko vyote. Mwanangu ameshapewa kazi ya kuvizungusha.